Mama Nomsa na Kikao cha Mshikamano

Mama Nomsa, ambaye jina lake la ubatizo ni Paskalia, anaupenda mno mshikamano, na ana haki ya kuupenda. Alizaliwa Morogoro, akaolewa na Sipho, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni huko, na Sipho aliporudi kwao alikuja naye. Sasa ni mjane mwenye nyumba yake katika mtaa wa Malvern, karibu na barabara ya Jules Street, na ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa Afrika Mashariki. Kila kikao hukifungua kwa kuwakumbusha wenzake jinsi watu wa Morogoro walivyowapokea wakimbizi bila maswali. Wanachama wameshaikariri hadithi hiyo, na bado wanaipigia makofi, maana chai haimiminwi kabla haijaisha.

Mwaka jana zilienea habari kwamba Jumamosi wanaume watapita mtaani kuwatimua wageni. Mama Nomsa hakusita. Aliwapigia wanawake simu: njooni kwangu, hii ni nyumba ya mwenyeji, hakuna atakayeigusa. Aliweka sharti moja tu, mwanamume asiingie. Wakaja na watoto, mabegi na sufuria la pilau.

Hawajamaliza hata kuvua viatu, geti likagongwa. Alikuwa Zuhura, msusi kutoka Tanga, ambaye alisuka nusu ya vichwa vilivyokuwa sebuleni. Alipozaliwa aliitwa mvulana, lakini tangu apate akili anajijua ni mwanamke. Wanachama wote walilijua hilo, na halikuwahi kumzuia yeyote kwenda kusukwa.

"Mama Nomsa, nifungulie, wanakuja!"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mama Nomsa. Si angefungua tu? Lakini katibu, Monicah, Mkenya anayefanya kazi benki huko Randburg na asiyekosa semina ya jinsia, aliinua mkono.

"Madam, mimi sina shida na yeye. Lakini tulisema wanawake pekee. Kuna wenzetu hapa wamepigwa na wanaume. Lazima tuwe na msimamo kama umoja."

Wenzetu waliopigwa walikuwa wawili. Walikuwa dirishani, wakisema, "Jamani, mfungulieni!" Wakaambiwa wasubiri, bado hawajapewa nafasi ya kuzungumza.

Basi kikao kikaanza, kwa sala kama kawaida. Zikasomwa salamu za waliotoa udhuru. Mama Nomsa akasimama kufungua na, mazoea ni kitu kibaya, ulimi ukaelekea Morogoro wenyewe. Baadaye mmoja akapendekeza Zuhura awekwe gereji, kwamba gereji si ndani hasa wala si nje. Mwingine akataka iundwe kamati ndogo. Huko nje nyimbo za wale wanaume zilishafika kwenye kona.

Wanaume wenye fimbo walimkuta Zuhura amejibana getini na kanga yake. Wao hawakuitisha kikao. Mmoja alipaza sauti kwa Kizulu kwamba huyu hapa mwanamke wa kigeni, na mwenzake akamalizia kwa matusi wanayotukanwa wanawake pekee. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shaka. Wakampiga.

Mama Nomsa alitoka mbio, akiwafokea kwa Kizulu kama mama yao mzazi. Wakamwacha Zuhura chini, wakaenda kuvunja spaza, kile kiduka cha mgeni kilicho mbele. Akamwinua huku akilia kwa aibu.

Monicah alikuwa mlangoni. "Lakini madam, hatujapiga ku—"

"Nyamaza, Monicah! Tulikuwa tunaua mtu kwa utaratibu!"

Sebuleni kila mtu alisimama. Huyu analeta maji, yule anatoa kiti, na wote sasa wanamwita dada. Zuhura hakukaa. Aliifuta damu mdomoni kwa ncha ya kanga, akawatazama mmoja mmoja.

"Haya, mama zangu," akasema. "Mmeamua mimi ni nani?"