Mimba ya Aksoloto wa Bi Sikosei

Mkunga huyu alistaafu akiwa na afya yake, meno yake yote na ulimi wake wote. Mtaani walimwita Bi Sikosei, kwa sababu miaka thelathini na minane ya wodi ya wazazi haikumfundisha kutamka neno "nimekosea". Akimwona mwenye mimba anapanda ngazi, husema papo hapo, "Wa kiume huyo." Mtoto akizaliwa wa kike, jibu lipo: mama mtu alipanda ngazi vibaya. Utamweza wapi?

Sasa binti yake wa pekee, mshonaji mwenye cherehani mbili pale sebuleni, alikuwa na mimba ya miezi saba. Bi Sikosei alikuwa anangoja jambo moja tu, aambiwe kwamba siku ya kujifungua ataingia chumbani na mwanawe. Wiki zikapita, haambiwi. Alipochoka kungoja akauliza mwenyewe, huku anakunja shuka ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Mama," binti akasema, akatoa pini mdomoni, "wauguzi wakisema hivi, wewe utasema vile. Mimi nitakuwa na uchungu. Huo ugomvi nitauamua saa ngapi?"

Ilimuuma, tena sana. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema imemuuma, akasema shuka zina vumbi.

Wiki hiyohiyo saluni iliyokuwa chini ya ghorofa yao ikafungwa. Mwenyewe alihama na viti, vioo na mashine za kukaushia nywele, akaacha tangi la kioo lenye kokoto za rangi na mnyama wake wa pambo. Aksoloto, ndivyo wateja walivyoambiwa anaitwa: wa umbo la mjusi, ila haishi nchi kavu, mweupe, mwenye matamvua mekundu yaliyosimama pande zote za kichwa kama nywele zilizogombana na kitana. Uso wake una tabasamu hata akiwa na shida. Mlinzi wa jengo alikuwa ameshalibeba tangi akalimwage mtaroni.

"Mwaga nikuone," Bi Sikosei akamwambia.

Mlinzi hakumwaga. Aksoloto akapandishwa juu na kokoto zake, akawekwa kwenye meza ya jikoni, akakaguliwa. Tumbo lilikuwa limejaa, limening'inia. Bi Sikosei akalipapasa kwa vidole viwili, macho kayafumba, kama alivyozoea kazini.

"Jike," akatoa hukumu. "Tena limebeba. Mayai yameshakomaa, nayasikia yalivyo magumu."

"Umejuaje, mama?"

"Nimeshika matumbo mangapi mimi?"

Basi aksoloto akaanza kutunzwa kama mzazi. Tangi likavikwa shali. Pembeni ikaegemezwa chupa ya maji ya moto, inabadilishwa asubuhi na jioni, maana mzazi hapigwi baridi. Chakula kilikuwa maini ya kuchemsha yaliyopondwa, ya kuongeza damu. Mgonjwa hakuyagusa. Maini yakachafua maji, jiko likanuka, na binti akahamishia nguo za wateja chumbani.

Siku ya nne aksoloto akaanza kuelea upande, matamvua yamelegea.

"Uchungu unakaribia," Bi Sikosei akasema.

"Mama, huyo anakufa."

Bi Sikosei akainama juu ya tangi. Aliujua mwili unaoishiwa nguvu, ameuona mara nyingi mno. Ukweli ni kwamba tangu jana alikuwa ameshaanza kuogopa, ila kuogopa ni kitu kimoja na kukiri ni kingine. Akachukua beseni lenye kifuniko, wakavuka barabara kwenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alizoea ng'ombe na mbwa, naye alilisema hilo wazi. Akampigia simu mwenzake anayefuga wanyama hawa, akasikiliza, kisha akamtia mgonjwa kwenye jagi la kioo, akaliinua kwenye mwanga na kumtazama kwa chini.

"Njooni muone. Hapa, nyuma ya miguu ya nyuma, kwenye tundu la haja, pamevimba pande zote mbili. Kwa jike, hapo huwa bapa. Huyu ni dume."

"Dume," Bi Sikosei akasema.

"Dume kamili."

"Na mimba je?"

Daktari alijikaza asicheke, na kwa hilo anastahili sifa. "Hizo ni kokoto, mama. Akila huvuta maji na chochote kilichomo. Amemeza sakafu ya tangi."

Binti aliinua uso, akawa anaitazama dari kwa makini mno.

"Maji yake yalikuwa na joto kiasi gani?" daktari akauliza. "Hawa ni wa maji ya baridi. Joto huwamaliza."

Bi Sikosei alikuwa na jibu tayari, la kumtupia lawama mwenye saluni. Akamtazama yule kiumbe anayetabasamu huku anakufa, akalimeza.

"Nilimwekea chupa ya maji ya moto," akasema. "Na shali. Nilidhani ni mzazi. Nimekosea, daktari."

Binti akaiacha dari, akamgeukia mama yake.

Dawa ikawa hii: maji safi yasiyo na ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, bakuli la plastiki lenye kifuniko cha matundu, droo ya chini ya friji, maji yabadilishwe kila siku, na asilishwe mpaka atoe alichomeza.

"Na mimi nifanye nini?"

"Zaidi ya hapo, usifanye kitu, mama."

Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu. Siku tatu nzima Bi Sikosei hakufanya kitu, na kutofanya huko kulimchosha kuliko zamu mbili. Kila asubuhi alimpigia daktari simu, na binti, mguu kwenye cherehani, alimsikia akisema, "Sawa. Kama ulivyosema wewe." Siku ya nne ikatoka kokoto ya bluu. "Sukuma, baba," mkunga akanong'ona mbele ya droo. Ikafuata nyekundu, kisha nyingine tano.

Daktari aliporuhusu, wakamrudisha kwenye tangi, safari hii bila hata kokoto moja. Bi Sikosei akashika mnyoo wa udongo kwa kibano na kuutikisa mbele ya ile pua butu. Aksoloto akatulia. Kisha, fyu, mnyoo haupo, naye anatazama juu kama anayeuliza mwingine uko wapi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mama, siku ikifika nataka uingie na mimi."

"Na wakisema hivi, mimi nikaona vile?"

"Utanishika mkono tu."

"Nitakushika mkono tu."

Akaenda kufungua friji, akasema anatafuta maziwa. Alisimama pale, mgongo kaugeuza, muda mrefu kuliko maziwa yanavyohitaji, na alipopenga kamasi alisema ni baridi. Binti hakumbishia.