Mgongo wa Shabtai

Geula Dwek alifanya kazi kwa miaka ishirini na saba akiwa amepiga magoti chini ya meza. Juu ya meza, mkononi mwake, alikaa Shabtai, kikaragosi wa kunguru mwenye jicho moja kubwa kuliko la pili, mroho na mbishi, ambaye kila saa kumi na moja jioni aliwafundisha kwenye televisheni watoto wa nchi nzima mambo ya dunia kwa kuyaharibu kwanza. Watoto walimjua Shabtai. Geula hawakumjua. Sokoni kwao Holon alikuwa mama mfupi mwenye magoti mabovu anayebishana bei ya biringani, basi.

Mimi nilikuwa mpiga picha wa kamera ya pili kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo.

Wiki ya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane ambayo kila usiku huongezwa mshumaa, ilikuwa wiki ya kunguru wetu. Shabtai alikula donati mpaka jemu ikamganda usoni, akazungusha pia, ule mchezo wa sikukuu, na kuiba mchana kweupe, akasema haoni cha ajabu katika ule muujiza wa kale wa mafuta ya siku moja kuwaka siku nane, kwani yeye amewahi kula siku nane bila kupumzika. Ikifika zamu ya mishumaa, utani ulikoma. Baba yake Geula, fundi viatu aliyehamia kutoka Aleppo, hakuwa akiwasha kabla hajanawa mikono na kuvaa koti, na binti hakutaka mzaha mahali hapo.

Mwaka ninaousimulia, wakubwa wa kituo walikuwa wamechoka na kunguru. Walitaka mnyama wa kuchorwa kwa kompyuta, asiyeumwa magoti. Mtayarishaji wetu, Liron Avneri, kijana wa miaka thelathini na moja, aliwaomba wasubiri Hanuka ipite. Wakubwa wangetazama usiku wa kwanza, tena mubashara, kisha waamue. Geula alijua. Aliniambia waziwazi, "Nikimpoteza huyu, nitaongea kwa sauti ya nani? Yangu naichukia."

Wiki mbili kabla, tukiwa tunakula mchana, Liron akatoa kisa cha kuchekesha. Hanuka iliyopita alikuwa amewasha mshumaa kwa mara ya kwanza ukweni.

"Baba mkwe kanitolea macho," alisema. "Eti, 'Kijana, wa kwanza unakaa kulia. Mbona umeuweka kushoto? Nani kakufundisha?' Nikamwambia, kunguru."

Tulicheka sana. Mama yake Liron alikuja kutoka Odessa bila kujua lolote la Hanuka, mume hakuwepo, kwa hiyo kila mwaka alimweka mtoto mbele ya televisheni na kinara cha mishumaa mapajani, afanye anachofanya Shabtai.

Geula hakucheka. Aliweka uma mezani, akaenda studio, akaniita nimwekee mkanda wa mwaka jana. Shabtai alikuwa ametazama watoto, akaweka mshumaa kulia kwake. Kwenye skrini ulikuwa kushoto. Mwaka uliotangulia, vilevile, na mwingine, na mwingine. Rabi wa kituo alikuwa akija kila mwaka kukagua, akasimama nyuma ya meza karibu na Geula, akatikisa kichwa kuridhika. Kwa aliyesimama pale ulikuwa kulia kabisa. Aliyesimama upande wa watoto ni mimi, na jicho langu lilikuwa kwenye mwanga, mjinga mimi.

Liron alipoelewa, alijaribu kumtuliza. "Geula, roho yangu, ni mshumaa tu. Hata rabi atakwambia, ukikosea upande, bado inahesabiwa umewasha."

"Rabi alikuwa na baba wa kumwonyesha," alisema Geula. "Mimi niliwafundisha wasio na mtu."

"Sawa, basi mwaka huu uweke upande wa pili, kimya kimya. Nani atajua?"

"Ndiyo maana sitaki kimya kimya. Waliokwisha kujifunza watajuaje?"

Alitaka Shabtai azunguke meza, akae upande wa watoto, awashe akiwapa mgongo, kama mtu yeyote anavyowasha dirishani kwake. Sasa, katika kazi yetu kikaragosi hawapi watazamaji mgongo. Mgongoni ndiko kuna mpasuko, na ndani ya mpasuko kuna mkono wa mtu.

"Wakubwa wanatazama siku hiyohiyo," Liron alisema. "Ukionyesha mkono wako, umewapa kisu cha kukuchinja. Nakukataza."

"Umenikataza," alijibu Geula, akaenda zake. Nilidhani amekubali.

Usiku wa kwanza, Shabtai alimaliza donati zake, kisha akakichungulia kinara.

"Watoto," alisema, "hapa nimekuwa nikikosea. Siyo leo, miaka ishirini na saba. Niliwaangalia nyinyi, sikuangalia mnakoangalia. Kama hapo kwenu kuna mkubwa aliyejifunza kwangu, mwiteni. Asimame nyuma yangu."

Kisha Geula akatambaa kutoka chini ya meza. Magoti yake yalilia, na kinasa sauti kikayadaka. Akazunguka, akapiga magoti mbele ya kamera yangu, akamwinua kunguru. Kwenye skrini kulikuwa na mvi, sweta ya kijivu, na mgongo wa Shabtai uliofungwa kwa pini tatu.

"Kamera ya pili, toka hapo," Liron alisema kwenye spika za masikioni mwangu. "Toka, nimesema."

Sikutoka. Kunguru aliweka mshumaa kulia, baraka zikaimbwa, ukawaka.

Barua zilikuja chache. Watoto kadhaa waliuliza yule bibi aliyembeba Shabtai ni nani, na kama Shabtai anaumwa. Wakubwa hawakuhitaji barua; walikuwa wameshaamua kumwondoa kunguru. Siku ya nne Liron alikwenda nyumbani kwa Geula na mfuko wa karatasi, nami nikamsindikiza kwa sababu aliogopa kwenda peke yake. Ndani ya mfuko alikuwemo Shabtai. Geula aliupokea, akamtoa kunguru na kumlaza kwenye kiti. Alilia kidogo, bila kujificha.

Liron alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Mama yangu alitazama," alisema. "Huwa anawasha peke yake siku hizi, kule Ashdod. Usiku ule ule alinipigia simu. Anasema mshumaa wake ulikuwa umeshawaka, upande wa kushoto. Akaung'oa, akauhamisha kulia hivyohivyo ukiwaka. Kaungua kidole."

Geula alifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Kimepona?" aliuliza.