Mbuzi Watatu wa Nzilani

Jumapili hiyo Nzilani hakungoja hata chai ya akina mama kanisani. Alikumbatia Biblia yake akaenda moja kwa moja hadi kwa baba yake mdogo, Mzee Wathome, mtaani hapo hapo Kayole. Msamaria mwema alikuwa amemnong'onezea kwamba ukoo unaandika majina ya watakaogawiwa shamba la babu kule Mbooni. Yeye hakuitwa.

Babu yao alilifyeka shamba lile kwa panga akiwa kijana, na kijiji kizima kikachukua jina lake. Sehemu ya chini, karibu na mto, ilikuwa ya Kimeu, baba yake Nzilani. Kimeu hakuacha mtoto mwingine.

"Karibu, mke wa Andati," Nyamai, mtoto wa Mzee Wathome, alimkaribisha, kalamu mkononi. "Umetuletea kuku?"

Wazee wa ukoo waliokusanyika pale wakaangua kicheko. Marehemu Andati, mumewe Nzilani, alikuwa Mluhya, na Waluhya hutaniwa kwa kupenda kuku.

"Nimeleta jina," Nzilani akasema, akaketi. "Liandike penye sehemu ya baba."

"Dada, wewe uliolewa. Shamba lako liko Kakamega, kwa mumeo."

Mzee Wathome akainua mkono. "Ngoja kwanza. Mbuzi wa ntheo walikuja?"

Wote walijua. Andati alileta ng'ombe wawili na mablanketi, lakini wale mbuzi watatu, ambao kwa Wakamba ndio hufunga ndoa, hakuwaleta. Kila mwaka alisema mwaka ujao, hadi Mungu akamwita. Miaka ishirini na sita Nzilani aliibeba aibu hiyo.

"Basi ni rahisi, mwanangu," mzee akasema kwa upole. "Bila mbuzi hakuna mke. Sema tu mbele yetu kwamba hukuolewa, tukuandike kama binti wa nyumbani."

Maneno mawili matatu tu, na shamba ni lake. Nzilani akamwona tena Andati madhabahuni siku ile ya harusi, pete ikikataa kuingia kidoleni.

"Siwezi, baba. Niliapa mbele za Mungu. Yule alikuwa mume wangu, na simkani ati kwa kuwa amelala kaburini. Mbuzi hawakuja, hiyo pia ni kweli, na desturi ni yenu. Korti iko na inamtambua binti, lakini sitaki kuwaburura watu wangu huko. Niandikeni. Bila hivyo sitoki."

Nyamai akasonya. Chapati zikaletwa, Nzilani akala nao, akanawa, akarudi palepale kitini. Wakamzungumzia mpimaji ardhi, wakazungumzia mvua. Hakuinuka.

Hatimaye Mzee Wathome akashusha pumzi. "Andika, Nyamai."

"Niandike mke wa nani?"

"Nzilani wa Kimeu. Mtu aliyekataa kudanganya apate shamba, huyo hatasogeza mpaka wa jirani."

Nyamai akaandika shingo upande. Nzilani akavaa miwani, akasogea kusoma mwenyewe.