Rafiki Mmoja wa Mji Mzima

Masta Yawar amefundisha Kiingereza hapa Okara miaka thelathini, na kwa hisani yake mji mzima una rafiki mmoja. Anaitwa Aslam, baba yake ni daktari, meno yake meupe. Ndivyo insha ya rafiki ilivyo kwenye kitabu cha majibu, na Masta hakuona sababu ya kuwa na marafiki wengine. Tulimkariri Aslam, tukakariri na barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa: nina homa tangu jana, naomba siku moja. Mimi nilimwandika Waris, rafiki yangu wa kweli, mtoto wa fundi baiskeli, kwa maneno machache niliyoyajua. Nilipata sifuri na viboko viwili. Babar, aliyemmeza Aslam na nukta zake zote, akawa wa kwanza. Leo ndiye mwalimu mkuu wetu, nami nafundisha kuchora.

Mwezi uliopita moyo wa Masta uligoma. Hospitali ya Lahore ikampangia Alhamisi apasuliwe. Akiikosa, nafasi nyingine ni baada ya Idi, na daktari hakumwahidi kwamba Idi ataiona. Ili kumpa ruhusa, ofisi ya wilaya inataka barua ya Kiingereza, maana moyo unaougua kwa Kiurdu haujaugua vya kutosha. Masta akaandika, akampelekea Babar. Nilikuwepo, nakunywa chai.

"Masta Sahib, hii inasema homa," Babar akasema. "Siku moja."

"Ni moyo, mwanangu. Nataka mwezi."

"Basi tuandike moyo."

Masta akashika kalamu, akaandika homa, akaikata. Babar naye akajaribu, bingwa wetu wa darasa, jasho likamtoka. Akaishia kwenye homa ile ile. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi wa sifuri. Nakiri nilifurahi, halafu nikaona jinsi mzee anavyohema, nikajionea haya.

Nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasa la tano: Moyo wangu unaugua. Alhamisi napasuliwa Lahore. Naomba mwezi mmoja.

Babar akatia saini. Masta akaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, akachomoa kalamu yake nyekundu. Nikajua viboko vimerudi. Akaitazama ile kalamu, akairudisha mfukoni.

"Yule rafiki yako," akasema, "mtoto wa fundi baiskeli. Alikuwa anaitwa nani vile?"

"Waris, Masta Sahib. Na meno yake mabovu."