Sauti Tumboni mwa Punda

Ukimbonyeza tumbo, yule punda wa kitambaa alikuwa anasema neno moja tu: "Siendi." Hakulisema kwa kulia wala kwa kuomba. Alilisema kama mtu aliyekwisha kaa chini na kuvua viatu. Watoto walimpenda kufa. Wazazi hawakumtaka hata kumwona, maana unamwambia mwanao akaoge, anakujibu kwa tumbo la punda. Kuna nyumba alifungiwa kabatini, na bado alijibu kila mlango wa kabati ulipombana.

Sauti ile ilikuwa ya Dada Mkubwa. Ndivyo walivyomwita kina mama wote wa karakana, hata waliomzidi umri, kwa kuwa alikuwa dada wa mwenye karakana. Mdogo wake ndiye mwenye vyerehani, mwenye mkataba na mwenye kuumwa kichwa. Dada Mkubwa alikaa meza ya mwisho. Punda alimfikia ameshonwa na kujazwa pamba, tumbo liko wazi. Anatia kisanduku cha sauti, anakizungushia pamba mtoto asihisi kitu kigumu, anafunga tumbo kwa mshono wa kuficha, halafu anabonyeza. Punda akikataa, anaingia kwenye boksi. Asipokataa, huyo ni mbovu, anarudishwa.

Sauti yenyewe haikupangwa na mtu. Ile katuni ya televisheni, iliyomzaa mdoli, ilikuwa ya wanyama wa ua mmoja, na punda wake alikuwa wa kubeba mizigo ya wenzake na kulia tu. Siku ya kuandaa sampuli, Dada Mkubwa alipewa visanduku avijaribu: unashika kitufe, unaongea, unaachia. Alikuwa amekishika kimoja mkononi wakati mumewe alipotokea mlangoni. Alikuwa amemkimbia mume huyo siku chache tu nyuma, na begi moja begani, na sasa bwana alikuja kumrudisha, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyefuata mwavuli aliousahau. Akamwambia, "Twende." Dada Mkubwa akamjibu, na kidole bado kilikuwa kwenye kitufe.

Katika vurugu ile kisanduku kikashonewa ndani ya sampuli, sampuli ikapelekwa kwa kampuni ya katuni, na huko watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Msimu uliofuata punda wa kwenye televisheni naye akaanza kukataa, kwa sauti hiyohiyo, na ua mzima ukawa unamzunguka yeye. Mume hakuonekana tena. Kama aliwahi kuwasha televisheni sijui. Mimi naomba iwe aliwasha.

Miaka ikapita, punda wakiuzika, mpaka bwana wa kampuni ya katuni alipokuja na habari. Kina mama walikuwa wamempachika jina la Bwana Tabasamu, kwa sababu hata akikuletea msiba, meno yake yapo nje. Alieleza kwamba wazazi wamelalamika vya kutosha. Msimu mpya utakuwa na punda mpya, mwembamba, mchangamfu, na mdoli naye abadilike. Akibonyezwa, aseme, "Sawa, twende!" Ila sauti iwe ya mama yuleyule, kwa kuwa watoto wameizoea. Sauti ikipatikana, kazi inabaki hapa. Isipopatikana, mdoli anahamia kiwanda kingine, na kina mama watajua pa kwenda.

Dada Mkubwa alikataa kabla chai ya mgeni haijapoa. Bwana Tabasamu hakubishana naye. Alimwachia mdogo mtu kazi ya kumlainisha, akaenda zake.

Mdogo mtu alijaribu kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Mwisho akamwambia, "Dada, ni maneno mawili. Hakuna anayekulazimisha kuyafuata. Yaseme tu, hawa wenzetu wabaki na kazi."

Hilo lilimchoma, maana halikuwa uongo. Mama wa kujaza pamba alikuwa analea wajukuu peke yake. Yule wa kushona masikio alikuwa na mama mgonjwa ndani, hageuki bila kugeuzwa. Dada Mkubwa akapiga moyo konde, akaenda kurekodi.

Kilikuwa chumba kidogo chenye kuta zilizobandikwa magodoro, joto tele. Alisema mara moja tu, na ikatoka vizuri ajabu: laini, nyepesi, ya mtu asiye na neno na mtu. Fundi wa mitambo aliinua dole gumba. Bwana Tabasamu akapiga makofi. Wakamwekea aisikilize.

Aliijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akiamka nayo miaka yote ya ndoa. Ndiyo aliyomjibia mumewe alipoambiwa aache kazi, na alipoambiwa asiende kumuuguza mama yake mzazi. Alidhani imekufa siku nyingi, kumbe ilikuwa imekaa kooni, inangoja kuitwa. Alishikwa na hasira.

"Ifute," alimwambia fundi.

Bwana Tabasamu akauliza ina kasoro gani.

"Haina kasoro. Ndiyo maana nataka ifutwe." Akavua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani. "Punda ni wenu, sina ugomvi. Mtieni meno, mvisheni na tai mkipenda. Koo ni langu, na sikuwahi kuwauzia."

Hakutoka mle chumbani mpaka fundi alipofuta. Na hata hapo alitaka awekewe tena asikilize, ahakikishe kwamba hakuna kitu.

Kampuni haikuwa na mzaha. Gari lilikuja likazoa vitambaa vya kijivu, vipande vya kukatia na hata maboksi yenye picha ya punda. Mdogo mtu hakumsemesha dada yake. Kina mama walishusha sauti akipita, na mshona masikio alimwambia kweupe kwamba ubishi hauliwi. Dada Mkubwa hakujitetea, wala hakuomba radhi. Roho ilimuuma, tena sana, lakini kuumwa si kujuta. Alivuta robota la kitambaa cheupe lililokuwa limesahauliwa uvunguni mwa meza, akachukua mkasi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, bila kumtazama mtu.

Alikata kondoo. Alipoulizwa kwa nini kondoo, wakati hakuna mnyama aliyezoeleka kwa kufuata wenzake kama huyo, alisema ni kwa sababu hiyohiyo. Alimtengeneza mnene, paji pana, na macho ya mtu anayengoja jibu na hana haraka. Mdogo mtu akaja kusimama kando ya meza. Kisha akauliza huyu naye atakuwa anasema nini.

"Sijui. Mimi langu nimeshasema."

Basi mdogo mtu, aliyeitikia kila meneja na kila mwenye nyumba tangu alipoanza kujitegemea, akakichukua kisanduku mwenyewe. Akashika kitufe. Akakohoa kidogo, akasema taratibu kabisa, "Kwanza nielezwe."

Wa kwanza kucheka alikuwa mshona masikio, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Alipopata pumzi akauliza masikio ya kondoo yakatwe marefu au mafupi, maana yeye hakuja kukaa bure.

Kondoo wa kwanza walipokuwa tayari, alikuja mama mwenye duka la midoli, yule aliyezoea kuchukua punda kwa maboksi. Alimgeuza kondoo juu chini akitafuta alama ya kampuni, hakuiona. Akambonyeza. Akabana kicheko, akambonyeza tena. Halafu akatikisa kichwa, akasema siku hizi mtoto hataki mdoli asiyemwona kwenye televisheni.

"Huyu ni wa katuni gani?" aliuliza.

Dada Mkubwa alifungua mdomo, lakini mdogo wake akamwahi.

"Hana katuni," alisema. "Ikimtaka, itamfuata hapahapa."