Mtani wangu Mzaramo alivyolipima ini langu kabla sijapasuliwa

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, na nikiongeza chumvi kovu langu la tumboni linisute.

Mimi mrina asali wa Itetemia, darasa la nne sikumaliza. Mwisho mwisho wa Ujamaa, zama za foleni ya sukari, nikaota uvimbe chini ya mbavu. Madaktari wa Tabora wakasema ni kansa ya ini. Niende Dar nikapigwe picha, ndipo ijulikane kama inakatika.

Wabaya wangu nawataja.

Shemeji Rajabu wa Mtendeni: "Ini halikatwi. Unakwenda kutupa taabu ya kukurudisha."

Baba mdogo Maganga yeye alikuja kuchagua mizinga yangu ya nyuki, mimi nimelala ndani namsikia. Nikiwa hai!

Nikapanda treni kwa hasira tu.

Mpigaji wa ultrasound alikuwa Mzaramo. (Vijana, Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, hata msibani hawatuachi.) Kusikia lafudhi yangu tu, akaanza:

"Babu zako walileta pembe za ndovu pwani kwa mabega. Wewe mpagazi umeleta nini tumboni?"

"Nimekuletea msiba, mtani, ule pilau."

Akanipaka ute wa baridi, akatembeza kidude. Kwenye kioo naona mvua ya kijivu tu.

Ghafla akaacha utani. Wakuu, mtani akiacha utani, ogopa.

Akanigeuza ubavu, akarudia. Kisha: "Mzigo umekaa kushoto peke yake. Kulia kote kuzima, mishipa mikubwa haijaguswa. Unatulika huu, yaani unakatika."

Nikacheka. Si mtani huyu? Nikajua ananitania, nikarudi wodini kuwaaga wenzangu kwamba nakufa.

Kesho yake daktari mpasuaji akaja na picha zile, pamoja na eksirei ya kifua, safi, kansa haijasambaa. Akasema yaleyale ya Mzaramo. Hapo ndipo nilipolia.

Wakakata upande ule. Mzaramo akaja kitandani kudai asali, eti ujira wa kupokea mzigo.

Kurudi Itetemia, namkuta Maganga juu ya mti, mkono ndani ya mzinga wangu.

"Shikamoo, baba mdogo!"

Alishuka na mzinga na nyuki wake wote. Safari hii aliyevimba ni yeye.

Wakuu, zipo kansa zisizokatika, sikatai. Lakini hayo yasemwe na picha, siyo na ndugu anayekodolea macho mizinga yako.

Nani mwingine hapa aliwahi kurithiwa akiwa hai? Shusheni yenu. Wazaramo mliopo humu, asali ipo, ila mje na matusi mapya.