Sukari Nguru Mdomoni

Kazi yangu ni kuuliza watoto wa watu wameanza kusema lini. Mimi ni muuguzi katika kliniki moja ya watoto mjini Kitale. Kila asubuhi ya kazi akina mama hupanga foleni mbele ya meza yangu, watoto wamefungwa mgongoni kwa leso, nami nawapima uzito, nawadunga sindano, kisha nafungua kile kijitabu cha mama na mtoto na kuuliza: anasema nini? Anamwita nani? Wengine hunijibu kwa aibu kwamba mtoto anaita "baba" tu kutwa nzima, na huyo baba hajaonekana tangu Krismasi. Tunacheka kidogo, naandika, namwita anayefuata.

Wangu nilimpeleka Bungoma akiwa na miezi mitano. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, nikaongeza ile ya mwaka, nayo ikaisha. Babake simtaji hapa. Hana neno katika habari hii. Yaya wa kwanza niliyemwajiri nilimkuta siku moja saa saba mchana amelala kwenye kochi, mlango wazi, na mtoto amebingirika hadi chini ya meza anatafuna kandambili. Nilimfukuza kabla hajamaliza kufikicha macho. Wenzangu kazini wakanikumbusha lile ambalo kila mama wa huku analijua: mtoto asiyejua kusema haachiwi mtu baki, kwa sababu hawezi kushtaki. Akishapata hata maneno kumi, jioni atakuambia nani alimpiga na nani alikunywa uji wake.

Basi nikaenda kwa mama. Mama ni mjane, anaishi peke yake upande wa kwenda Kibabii, katika nyumba ile ile aliyotulea. Tulipatana vizuri, mchana kweupe, tumekaa kwenye ngazi ya jiko. Mtoto atakaa naye mpaka aanze kusema. Akianza, nitakuja kumchukua. Mama alikubali mara moja, hata hakuuliza itachukua muda gani. Mimi ndiye niliyelia.

Kila siku saa ya chakula cha mchana nilimpigia simu. Anakula? Anakula. Amesimama? Amesimama. Anasema? Na mama alikuwa na neno moja tu la kunijibu.

"Bado."

Miezi kumi na miwili, bado. Miezi kumi na mitano, bado. Nikimwambia amweke mtoto karibu na simu, nilisikia pumzi tu, na kitu kama kunyonya. Nilikwenda kumwona mwisho wa kila mwezi, kwa siku moja, na kila nilipofika nilimkuta ana kipande cha sukari nguru mdomoni, shavu limevimba, ute mweusi mtamu unamtiririka kidevuni. Alinitazama kwa macho makubwa, akamshika nyanya yake sketi. Nilimgombeza mama. Nilimweleza kuhusu meno ya utotoni na kuoza, kwa sauti ile ile ninayowahubiria akina mama wa kliniki. Mama alinisikiliza kwa upole, akasema sisi sote tulikua kwa sukari nguru na meno tunayo. Nami, mtaalamu mzima, sikujiuliza kwa nini mtoto hupewa sukari kila ninapopiga hodi.

Alipofika mwaka mmoja na nusu hofu ilianza kunila. Nilikuwa nimeona watoto wa aina hiyo mezani pangu, wale ambao mama huwaita kwa jina na hawageuki. Nilijilaumu kwa yote: kwa homa niliyopata nikiwa mjamzito, kwa ile kandambili, kwa kumwacha. Nilinunua kitabu cha picha na kukipeleka Bungoma. Nikamwomba mama amsomee kwa sauti. Nilimfuata jirani yetu, mwanamke anayelima mpaka mmoja na mama na ambaye mimi humwita mama mdogo, nikamweleza shida yangu tukiwa tumesimama kwenye ua wa miti. Alinishika mkono. Akaniambia Mungu hachelewi, nilete jambo hilo kwa akina mama wa kanisa Jumapili hiyo.

Nililileta. Nilisimama mbele yao na kusema binti yangu hasemi, na sauti yangu mwenyewe ikakatika. Wakatuzunguka, mimi na mtoto, wakaweka mikono juu ya kichwa chake. Waliomba ulimi wake ufunguliwe. Waliomba kwa machozi, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, na mtoto katikati yao ananyonya sukari yake. Mama yangu aliitika amina kwa sauti kuliko wote.

Mwezi uliofuata nilipata miadi kwa daktari wa masikio. Niliomba siku mbili za ruhusa, na kwa mara ya kwanza sikupiga simu kabla ya kwenda, kwa sababu sikutaka mama aanze kuogopa. Nilifika mchana, nikapita njia ya nyuma, kwenye migomba. Nikasikia mtoto anaongea uani.

Nilidhani ni mtoto wa jirani. Alikuwa anawagombeza kuku, kwa Kibukusu, kwa ile sauti ya mtu anayejua kwamba atatiiwa. Engokho, toka. Engokho, mbaya. Kisha akamwita kukhu, yaani nyanya, akamwambia alete maji, akayaita maji kwa jina lake, na mama akamjibu kwamba maji yako kwenye kikombe chake. Mtoto akasema cha rangi nyekundu. Mama akasema ndiyo, hicho chekundu.

Nilisimama kwenye migomba nikiwa na mkoba wangu begani. Sijui nilisimama kwa muda gani. Najua tu kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, furaha tupu ya kwamba mwanangu ni mzima, nikaweka mkono mdomoni nisipige kelele. Furaha hiyo haikudumu hata kumaliza pumzi moja.

Nilipotokea uani mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakunisalimu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni, ukatoka na kipande cha sukari nguru, na mtoto, aliponiona, akafumba mdomo na kukinga kiganja. Ndipo nikaelewa.

Nikamuuliza mama tangu lini. Alisema si muda mrefu. Nikamuuliza tena. Akasema tangu wakati wa kupanda mahindi, na sasa watu walikuwa wanavuna.

"Si wewe ndio ulisema akianza kuongea unamchukua?" alisema, macho yako kwenye ungo. "Sasa ungetaka mimi niseme aje?"

Nilimwambia nimelia usiku na mchana. Nilimwambia nimefunga na kuomba, nimemweka mtoto wangu mbele ya kanisa kama kiwete. Akasema anajua. Akasema ati alitaka palizi ipite tu, halafu angeniambia. Baadaye ikawa mavuno ipite tu. Nyumba hii ikinyamaza, alisema, yeye ataongea na nani? Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kwamba angeongea na kuku.

Jirani alisikia sauti zetu akachungulia juu ya ua. Nilimtazama usoni na sikuhitaji kumuuliza. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, akina mama wote waliotuwekea mikono. Mtoto alikuwa akiwasalimia njiani kila siku akienda kisimani na kukhu wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimeisema methali hiyo mara nyingi maishani juu ya watu wengine. Jirani alisema pole pole kwamba mama yako alituomba, si unajua alivyo peke yake. Nilimwambia arudi kwake.

Nilifungasha vitu vya mtoto siku hiyo hiyo. Mama alinisaidia kukunja nguo, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angekataa. Kabla sijatoka nikamuuliza kitu ambacho nilikuwa nimeapa nisimuulize, kwa sababu nilijua nitakibeba: neno la kwanza lilikuwa gani? Huwauliza wanawake wote wa Kitale, na la mwanangu sikulijua.

"Mayi," alisema mama. "Alishika simu yangu, akaona picha yako, akasema mayi."

Mayi ni mama kwa Kibukusu. Mpaka leo sijui kama ni kweli au alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hilo ndilo nisilomsamehe. Angeniambia neno la kwanza lilikuwa kukhu, au kuku, ningeamini. Kwenye kijitabu cha mwanangu nafasi hiyo ni tupu. Nimeijaza kwa mamia ya watoto wengine.

Huku Kitale nilimpata yaya mzuri, mama mtu mzima kutoka Kachibora, msafi, mwaminifu, ambaye hajui hata neno moja la Kibukusu. Na mwanangu hajui lingine. Kwa hiyo ule ushahidi niliousubiri mwaka mzima haukunifaa kitu: anashtaki kutwa, na anayemshtakia anaitikia "eee" huku akimbadilishia nepi. Jioni nikirudi ananishtakia mimi. Anashtaki kwamba hakuna kuku. Anashtaki kwamba hakuna kukhu. Hilo la pili hulisema akiwa amesimama mlangoni, hajalia, kama mtu anayeripoti kitu kilichoibwa.

Wiki tatu sikupokea simu za mama. Ya nne nikapokea, Jumamosi asubuhi, mtoto akiwa kwenye zulia anaongea na vifuniko vya sufuria. Mama alinisalimu, akaniuliza habari za kazi, habari za mvua ya huku, akazunguka weee, mwisho akafika alikokuwa anakwenda.

"Nipe yeye kidogo nisikie sauti tu," alisema.

Niliweka simu kwenye spika, nikaiweka juu ya zulia. Lakini mtoto alikuwa amekwisha nyamaza, tangu simu ilipolia. Alikuwa amefumba midomo, amekaa wima, na kiganja chake cha kulia amekikinga mbele yangu, kimenyooka, kinangoja.

Mama alimwita. Alimwita kukhu wangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao, akamwita majina yote ya kubembeleza, akamuuliza kuku wanasemaje, akawaiga kuku. Mtoto alitabasamu na hakufungua mdomo. Alikisogeza kiganja karibu nami, kwa sababu nilikuwa nachelewa.

Ningeweza kumweleza mama. Ningeweza kumwambia mtoto aseme, kwamba sasa anaruhusiwa, labda angesema. Lakini nilisimama nikaenda kabatini, ambako kifurushi cha sukari nguru alichokificha mama katikati ya nguo za mtoto siku ile ya kufungasha kilikuwa bado kimefungwa kwa gazeti. Sikuwa nimekitupa, wala sikuwa nimemwonjesha. Nilivunja kipande, nikakiweka kwenye kile kiganja. Mtoto akakitia mdomoni, shavu likavimba, na kwenye spika ikasikika ile sauti ya kunyonya niliyokuwa nikiisikia mimi kila siku saa ya chakula cha mchana.

"Haongei?" mama aliuliza. "Hata huko haongei?"

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi kweli.

"Bado," nikamwambia.

Nilisikia kuku wake wakilia uani, kwa muda mrefu, kisha simu ikakatika.